Pitcha wanavunjika kila msimu: uongozi unawalinda au unawaharibu?

#1 (mleta mada)

Wakuu, salama? Najua wengi wenu ni watu wa soka na besiboli mnaiona ni mchezo wa kutafuna karanga na kuangalia saa. Hata mimi nilikuwa hivyo, 2008 binamu yangu alinipeleka ule uwanja mpya wa Nationals pale Washington nikasinzia inningi ya nne (mechi kwa kawaida ina inningi tisa, yaani vipindi tisa) mpaka bia ya jirani ikanimwagikia mapajani. Ila ukishanogewa ndiyo basi tena, sasa hivi naililia hii timu kama mtu wa Simba ile miaka ya kabla ya 2018.

Leo nataka tuongelee pitcha. Pitcha ndiye anayerusha mpira toka kwenye kile kichuguu, mita 18 na ushee mpaka kwa mpigaji, na timu isiyo na pitcha ni daladala isiyo na dereva, mtakaa humo ndani mnapigwa jua tu.

Juni 2010 tulipata dogo anaitwa Stephen Strasburg, chaguo la kwanza kabisa la drafti ya 2009, ile zamu ya timu kuchagua vijana wapya. Mechi yake ya kwanza, na Pirates, akatoa watu 14 kwa straiki (mipira mizuri mpigaji anayoikosa au kuiachia, ikifika mitatu yuko nje). Mji ulisimama aisee, mpaka wamama wa kazini kwangu waliokuwa hawajui hata besi (vile vituo vinne vya kukimbilia) ni nini wakawa wanauliza "leo yule kijana anarusha?" Haikufika miezi mitatu kiwiko kikaachia, akapelekwa kwenye ile opereshi wanaita Tommy John, yaani wanachukua kano sehemu nyingine ya mwili wako wanaifunga kwenye kiwiko badala ya ile iliyokatika.

2012 karudi wa moto, ameshinda 15 amepoteza 6, timu imeshinda mechi 98, hakuna timu iliyotuzidi ligi nzima, na Washington tunaingia mtoano kwa mara ya kwanza tangu 1933. Sasa hapohapo meneja mkuu Mike Rizzo anasema dogo amefika kikomo, inningi 159 na theluthi, tarehe 7 Septemba ndiyo mwisho, Oktoba ya mtoano hachezi. Mzima jamani! Haumwi popote! Mechi ya tano na Cardinals tunaongoza 6-0 nyumbani, mimi nipo zamu ya usiku nasikiliza kwa redio ya simu kwenye kibanda cha mlinzi, tukaishia kufungwa 9-7. Nilizima redio nikakaa kimya mpaka saa kumi na moja alfajiri, bosi alipokuja akadhani nimefiwa.

Haya, ule ulinzi wote ukaishia wapi? 2019 alitupa ubingwa, hilo sikatai, akawa mchezaji bora wa World Series, yaani fainali ya ligi. Desemba wakamsaini miaka 7 dola milioni 245. Tangu siku hiyo amerusha mechi NANE tu. Nane! Mara mkono unakufa ganzi, mara opereshi ya kumtoa ubavu ili mishipa ipate nafasi, 2024 akastaafu. Kwa hiyo mlitunyima Oktoba ile kwa jina la kumlinda na mkono ukaenda vilevile. Mimi nasema uongozi wa hizi timu unabahatisha, halafu bili tunaletewa sisi wanunua tiketi. Karibuni, ila tunyukane kwa hoja.

#2

Mkuu unachanganya mbivu na mbichi. Kwanza ile mechi ya Cardinals hukufungwa kwa kukosa starta (pitcha anayeanza mechi). Mliingia inningi ya tisa mnaongoza 7-5, pitcha wenu wa kumalizia Drew Storen alibakiza straiki moja mmalize kazi, tena siyo mara moja, mara mbili, akashindwa. Strasburg angesaidia nini hapo, apeperushe bendera?

Pili, jiulize wasiolindwa walifika wapi. Cubs 2003 walikuwa na kijana Mark Prior, umri miaka 22, kocha Dusty Baker akamrushisha inningi 211 msimu wa kawaida na mtoano juu yake, mechi moja mipira 120 na zaidi na watu wanashangilia. 2006 akarusha mechi yake ya mwisho ligi kuu. Alikuwa na miaka 25. Rizzo alikuwa na mfano huo mbele ya macho yake, wewe ungefanyaje? Ungepata Oktoba 2012 yako ukakosa 2019 ungekuwa humu unamtukana huyohuyo Rizzo kwa kumuua dogo.

Halafu kichekesho, Prior sasa ndiye kocha wa pitcha wa Dodgers, timu ambayo chumba chake cha matibabu hakijawahi kuwa na kiti kitupu.

#3

Nyie watoto wa kuhesabu mipira mmeuharibu huu mchezo. Nolan Ryan 1974 alirusha inningi 13 mechi moja, wanasema mipira 235, akaendelea kucheza mpaka ana miaka 46! Leo pitcha akifika mipira 90 kocha anatoka anakimbia na taulo kama kuna moto. Pitcha wa Rays Blake Snell, World Series 2020 mechi ya sita, Rays wanaongoza, katoa watu 9 kwa straiki, kapigwa hiti mbili tu (mipigo ya kumfikisha mpigaji besi), mipira 73, kocha Kevin Cash anakuja kumtoa eti karatasi za takwimu zimesema. Wapigaji wa Dodgers walivyoona anashuka walifurahi kama wamepata bonasi. Wakafungwa Rays 3-1 kombe likaondoka. Siku ile niliongea maneno ambayo mke wangu ananikumbusha mpaka leo. Waacheni wanaume warushe.

#4

Kaka #3 Nolan Ryan ni mmoja. Unahesabu waliofika ng'ambo, waliozama huwahesabu. Kabla ya 1974 kano ya kiwiko ikikatika ulikuwa unafungasha unarudi kwenu kuuza duka, hakuna aliyeandika habari zako. Septemba mwaka huohuo wa mipira 235 ndipo daktari Frank Jobe akajaribu ile opereshi kwa Tommy John, akakaa nje msimu mzima wa 1975, aliporudi akacheza mpaka 1989 na akashinda mechi 164 zaidi. Opereshi ikabeba jina lake. Na huyo Ryan wako, kano ya kiwiko chake nayo ilikatika mwishowe 1993, msimu aliokuwa ameshasema ni wa mwisho, ikamkatishia kabla ya kumaliza.

#5

Sasa wasee, mimi niko Nairobi na ninaangalia hii kitu saa tisa usiku na macho nyekundu, kwa hivyo niskizeni kidogo. Nyinyi wote mnabishana kuhusu idadi ya mipira na hiyo ndiyo inafanya mnapotea. Shida si ngapi, shida ni nguvu gani.

MLB wenyewe, ligi kuu ya Marekani, walitoa ripoti Desemba 2024, waliongea na watu zaidi ya 200, madaktari, makocha, mapitcha wa zamani. Wastani wa fastiboli (mpira wa kasi) 2008 ulikuwa maili 91.3 kwa saa, 2024 umefika 94.2. Kilomita kama 147 hadi karibu 152. Ati inaonekana kidogo, lakini huo ni wastani, ina maana hata yule mnyonge wa bulpeni (mapitcha wa akiba) siku hizi anarusha kama mashine. Kano ya kiwiko haijui gym. Misuli unaweza jenga, mgongo unaweza jenga, miguu pia, hiyo kano ni ileile babu yako alikuwa nayo.

Na nani anataka hiyo spidi? Si ni hao managementi! Kijana akirusha 89 na ana akili ya kudanganya mpigaji hakuna mtu anampigia simu. Akirusha 99 hata kama hajui mpira unaenda wapi, anapewa mkataba. Kwa hivyo kila mpira anarusha kwa nguvu zote, kutoka wa kwanza, juu anajua inningi ya tano atatolewa tu, ajihifadhi ya nini? Zamani Ryan na wenzake walikuwa wanapumzikia kwa wapigaji wa chini. Sasa hakuna kupumzika. Kumtoa mapema ndiyo inafanya arushe kwa nguvu zaidi, na kurusha kwa nguvu ndiyo inafanya atolewe mapema. Mbwa anafukuza mkia.

Chama cha wachezaji kinasema ni ile saa ya pitcha iliyoletwa 2023, pitcha anapewa sekunde 15 kurusha besi zikiwa tupu. Aprili 2024 walipiga kelele sana juu wiki hiyo mapitcha Shane Bieber na Spencer Strider walikuwa wameanguka karibu pamoja. Mimi saa sijui, labda inaongeza kitu. Lakini viwiko vilikuwa vinakatika miaka mingi kabla hiyo saa iwekwe.

#6

#5 umemaliza kazi, ila mashabiki nao usiwaache salama. Tunalaumu uongozi ukivunja mkono, tunalaumu ukiulinda. Aprili 2022 kocha wa Dodgers yetu, Dave Roberts, alimtoa pitcha Kershaw kule Minnesota, inningi 7, hakuna hata mtu mmoja aliyefika besi, mipira 80 tu. Watu walitoa povu wiki nzima na mimi nikiwemo! Kershaw mwenyewe hakulalamika, ndiyo kwanza alikuwa anaanza msimu baada ya mkono kumsumbua mwaka uliotangulia.

Kisha World Series 2025. Pitcha wetu Yamamoto kaanza mechi ya sita Toronto, mipira 96. Kesho yake, KESHO YAKE, mechi ya saba akaingia tena akarusha 34, inningi 11, tukachukua kombe 5-4. Nilikuwa nimesimama juu ya kochi la shemeji. Kuna mtu yeyote hapa alisema "jamani mkono wa mtoto wa watu"? Mkataba wake ni wa miaka 12, dola milioni 325, na hakuna aliyeukumbuka usiku ule. Angekatika Machi tungeanza kuuliza nani alimrushisha.

#7

Niliishi Japani miaka kadhaa kwa masomo, naomba niwape hii. 2019 kulikuwa na mwanafunzi wa sekondari mkoani Iwate, Roki Sasaki, huyuhuyu aliye Dodgers leo. Mashindano ya mkoa, mshindi anaenda Koshien, mashindano ya taifa ya shule za sekondari, na Koshien kwa Wajapani ni zaidi ya kombe, hospitali na vinyozi wote TV zimewashwa. Dogo alirusha mipira 194 mechi moja ya inningi 12, siku tatu baadaye nusu fainali 129. Kesho yake ni fainali. Kocha wake akamweka benchi, fainali nzima hakugusa uwanja, wakafungwa 12-2. Shule ilipigiwa simu za matusi na watu wazima na nywele zao nyeupe. Mwaka uliofuata ndiyo wakaweka kikomo cha mipira 500 kwa wiki.

Na pamoja na kulindwa kote huko, 2025 msimu wake wa kwanza Marekani bega likamweka nje miezi. Mleta mada utasema umeona, ulinzi kazi bure. Mimi nasema bila yule kocha pengine tusingelijua jina lake kabisa.

#8 (mleta mada)

Nimesoma zote, nimepumua. #2 kuhusu Storen umenichoma kwenye kidonda lakini sina jibu. Rizzo nimemlaumu miaka 13, na Julai 2025 walipomfukuza yeye na kocha Davey Martinez siku moja nilinunua pizza, nakiri.

Ila mkuu #5 ndiye aliyenigeuza kichwa, na sababu yake siyo Strasburg. Mtoto wa dada yangu ana miaka 12, yuko kwenye timu ya kulipia hapa mtaani, mama yake anaendesha basi la shule na analipa kwa mwezi hela ambayo Tanga ungejengea choo na jiko. Nilimpeleka mazoezini wiki mbili zilizopita. Nyuma ya wavu kuna mashine ya spidi, kile kitu kama cha trafiki, na ubao unawaka namba nyekundu. Watoto wamepanga foleni. Kila mmoja akirusha hamwangalii mdakaji kama mpira umeingia, anageuza shingo kuangalia ubao! Mpira umepiga wavu juu kabisa, namba imepanda, wenzake wanampigia makofi. Wa kwetu alirusha moja nzuri sana, chini kwenye kona, namba ikawa ndogo, akatazama viatu.

Nikamuuliza kocha mbona hamhesabu mipira, Little League (ligi ya watoto) umri huu kikomo si 85 kwa siku? Akanijibu hii siyo Little League, na skauti wa vyuo wanauliza spidi, hawaulizi kingine. Alivyonijibu hakuwa na ubaya hata kidogo, ndiyo kilichonikera. Yaani anaamini anamsaidia.

Jumamosi iliyofuata nilienda na kalamu na daftari la dukani, nikakaa pale pembeni nachora vijiti vitanovitano kama muuza mkaa. Mechi ya asubuhi 58. Nikajua amemaliza. Saa tisa wana mechi nyingine, namuona anavaa glavu tena. Alipofika jumla 91 nikamwita dada nikamwonyesha daftari, akaliangalia, akamwangalia mtoto, akasema "lakini kaka mbona anacheka". Na kweli alikuwa anacheka. Nikamwambia kocha kwamba huyu ametosha, wazazi wengine wakanigeukia kama nimeingia msikitini na viatu.

Kamtoa. Timu ikafungwa. Njia nzima kwenye gari dogo hakuniongelesha, kaweka barafu begani kaangalia dirishani, na dada yangu naye kawasha redio.