Anayekupa zawadi hakuombi utangulize hela! Nimechoka na hizi laivu za kripto

Wakuu, nina hasira na nitaandika hivyohivyo.

Juzi usiku mdogo wangu wa kike kanipigia analia. Mumewe kakaa kitandani na simu, hasemi na mtu. Nikachukua bodaboda hadi Chanika. Nafika, shemeji ananinyooshea simu: "Shem, hebu nisaidie, nadhani mtandao unasumbua. Nimetuma zangu 350, zile 700 hazijaingia."

350 hizo ni USDT, sarafu ya kidijitali ambayo moja inakaa karibu sawa na dola moja; kwa hela ya madafu laki tisa na ushee. Alikuwa akizinunua kidogokidogo kwa watu wa P2P, wale wanaouziana wenyewe kwa wenyewe, karibu mwaka mzima. Zilikuwa hela za bati. Fundi wa kupaua anakuja Jumamosi.

Aliikuta laivu kwenye mtandao mmoja wa video. Elon Musk kasimama jukwaani, anaongea, sauti yake kabisa. Kwenye kona kuna msimbo wa QR, chini maandishi: tuma kuanzia 100 urudishiwe mara mbili, nafasi zinakwisha. Nikamwambia tuitazame wote. Mdomo unachelewa kidogo nyuma ya sauti. Baada ya dakika kama kumi na mbili anarudia sentensi ileile na mkono anaupandisha palepale. Video ya zamani, imebandikwa sauti ya mashine, inazungushwa. Komenti zimefungwa. Nikaingia kwenye chaneli yenyewe nikashuka hadi video za mwanzo: mama mmoja anafundisha kupika keki, kwa Kihispania! Wamebadilisha jina, wamebadilisha picha, keki wamezisahau. Yaani chaneli yenyewe nayo ni ya wizi.

Halafu tovuti yao. Kuna jedwali linashuka muda wote: huyu katuma 500 kapata 1,000, huyu 2,000 kapata 4,000. Shemeji ananiambia, "Si unaona wenzangu wanalipwa?" Nikamwambia zima data. Akazima. Jedwali likaendelea kushuka. Simu haina intaneti na watu bado "wanalipwa"! Zile namba zinatungwa na ukurasa wenyewe, humo humo ndani ya simu yake. Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Nami nikakaa kimya kwa muda, ningesema nini.

Ukitaka kujua kama kuna anayelipwa, achana na jedwali lao. Chukua anwani waliyokupa utume hela, hizi za Tron (mtandao ambao USDT zake zilipita) huanza na herufi T, ibandike kwenye tovuti ya Tronscan. Ni daftari la wazi la miamala yote, hulipii wala huhitaji nywila. Tuliifungua ya huyu tapeli: hela zinaingia kutoka anwani hii na ile, zinajikusanya, zinatoka kwa mkupuo kwenda sehemu moja. Aliyerudishiwa hayupo hata mmoja. Ya shemeji ilikaa dakika kumi na moja tu, ikaondoka na za wenzake.

Na nyie mtakaokuja na "tamaa ilimponza", tulieni kwanza. Julai 15, 2020 Twitter ilidukuliwa, na akaunti HALISI za Obama, Biden, Bill Gates, Musk mwenyewe, hadi ya Apple, zikaandika habari hiyohiyo: nitumie Bitcoin nikurudishie mara mbili. Zaidi ya dola laki moja zililiwa ndani ya saa chache, na aliyetajwa kuwa kinara ni kijana wa miaka 17 wa Tampa, Florida. Baadaye FTC, wale wanaolinda walaji kule Marekani, walisema kuanzia Oktoba 2020, ndani ya miezi sita tu, watu waliripoti kupoteza zaidi ya dola milioni 2 kwa matapeli wanaojifanya Musk. Hao ni watu wanaoishi naye nchi moja. Kwa hiyo hata akaunti ikiwa ya kweli kabisa, bado haitoshi. Tiki ya bluu ya Twitter (siku hizi X) ndiyo usiniambie, tangu mwishoni mwa 2022 inanunuliwa kama vocha.

Huu ni uleule mchezo wetu wa "ile hela tuma kwenye namba hii", wameuvalisha suti tu. Tena yule wa SMS ukiwahi kupiga simu huduma kwa wateja kuna wakati muamala unazuiliwa. Huku unampigia nani?

Sasa kilichonipandisha presha. Nimeripoti ile laivu mara tatu kwa wenye mtandao ule wa video. Jibu: maudhui haya hayajakiuka miongozo yetu. Jamani! Weka sekunde kumi za wimbo wa mtu kwenye video ya harusi ya dada yako uone kama haijafungwa usiku huohuo. Wimbo wanausikia, ila uso wa bilionea unaozungushwa saa sita mfululizo hawauoni?

Nikaenda kulalamika kwenye ukurasa wao. Hazikupita dakika tano: "Pole kaka, hata mimi niliibiwa, mtaalamu huyu alinirudishia zote, mtafute Telegram." Huyo mtaalamu anataka 50 za kuanzia kazi. Ni walewale au ndugu zao, wanarudi kwenye mzoga. Na shemeji alishaanza kumjibu mmoja, ikabidi nimpokonye simu.

Kuna na wale wasiokuomba utume kitu. Wao wanagawa tokeni za bure, wewe "unganisha waleti tu", yaani pochi yako ya kripto kwenye simu, kisha bonyeza kuidhinisha. Ukiidhinisha umewapa ruhusa ya kuchota. Wengine wanataka yale maneno 12 ya siri yanayofungua waleti. Hayo hapewi mtu yeyote, hata ajiite huduma kwa wateja.

NYONGEZA, saa 4 usiku: laivu ile imeondolewa, siyo na wenye mtandao, aliyeifunga ni tapeli mwenyewe. Iko chaneli nyingine sasa hivi, zamani ilikuwa ya masomo ya gitaa. Watazamaji wanaonekana elfu saba, sijui wangapi ni watu kweli. Mkono ni uleule, anaupandisha palepale.