AMV yangu ina kila efekti lakini haimgusi mtu. Nipunguze nini?

Mwanga_Editi:
Wakuu salaam. Naomba jicho la wanaojua. Tunaandaa usiku wa kuonyesha AMV (vipande vya anime, yaani katuni za Kijapani, vilivyopangwa juu ya wimbo) hapa Mwanga, Kigoma, kwenye kibanda umiza: runinga moja kubwa, spika mbili. Masharti ni wimbo wa Kiswahili, video isizidi dakika moja na nusu.

Ya kwangu ni sekunde 80, Bongo Fleva ya taratibu, BPM 90 (mapigo 90 kwa dakika). Ina mikato 118, mtikisiko kila ngoma ikipigwa, mweko mweupe, slo-mo (mwendo uliopunguzwa kasi), na wahusika nimewakata kwenye mandhari yao nikawapachika kwingine. Efekti nimefanya kwa Alight Motion, nikaunganisha kwa CapCut, zote programu za simu. Waliochungulia wanasema "fundi kweli kweli", halafu wanaomba warudiwe ile ya mwenzangu yenye mikato 34 na efekti sifuri.

Maswali ni mawili. Nitoe nini, nibakize nini? Na alama tuzigawe vipi kati ya ufundi na hisia, watu wasije wakatoana macho?

FundiFremu_Tabora:
Mkuu, tuanze na hesabu. BPM 90 ni biti moja (pigo moja la wimbo) kila sekunde 0.667. Kwa fremu 24 (picha moja moja za video) kila sekunde, hiyo ni fremu 16 kamili. Sekunde 80 zina biti 120, na wewe una mikato 118. Yaani umekata kila biti, mwanzo mpaka mwisho. Sekunde ya tano mtazamaji ameshajua picha itabadilika lini, hana tena cha kungojea. Huo sio wingi wa ufundi, ni ufundi mmoja umerudiwa mara 118.

Panga hivi. Ubeti unapoanza, kila shoti ikae biti 4 hadi 8 (sekunde 2.7 hadi 5.3). Ukikaribia kiitikio, shuka hadi biti 2. Kabla kiitikio hakijaingia, weka shoti moja ya biti 8 na usiiguse kabisa. Kiitikio kikiingia, kata biti kwa biti, ila usipitishe biti 8 mfululizo bila kupumzisha macho. Utajikuta na mikato 45 hivi.

Halafu hili wengi hawalijui: biti si lazima ipokelewe na mkato. Ipokelewe na tukio lililo ndani ya picha. Ngumi inatua, jicho linafumbuka, mlango unafungwa, tone linagusa maji. Pita shoti fremu kwa fremu, tafuta ile fremu ngumi inapogusa, iwekee alama, kisha isogeze klipu nzima mpaka alama ikae juu ya biti. Ikiwahi fremu moja au mbili hakuna atakayelalamika. Ikichelewa mbili, hata mtoto ataona kuna kitu hakikai sawa, ingawa hatajua ni nini.

Tatizo utakalokutana nalo: shoti ndefu za anime mara nyingi ni mchoro mmoja umesimama, zinatikisika nywele tu. Sekunde 5 za namna hiyo zinaonekana kama video imeganda. Weka zumu ya polepole, asilimia 100 hadi 106 kwa sekunde 4, ianze na kuishia taratibu. Usivuke 112, mistari ya mchoro inaanza kuwa na ukungu.

Karabai77:
Napinga kidogo hapo juu. Tusimfanye kijana aone efekti ni dhambi. Video nyingi zinazoitwa "hazina hisia" zina kasoro za ufundi ambazo mtazamaji hana jina lake. Jicho linasumbuka, moyo haupati nafasi.

Kwanza kabisa: mradi wako uko fremu ngapi? Anime nyingi ni 23.976 kwa sekunde. Programu za simu hupenda kuanzia 30. Ukiweka 24 ndani ya 30, kila fremu 4 zinageuka 5, moja ikiwa marudio. Kamera ikipita taratibu juu ya mji au bahari, picha inakwenda kwa kushtukashtuka. Chagua 24 unapofungua mradi, na unapotoa video chagua 24 hiyo hiyo. Ile tofauti ya 23.976 na 24 isikunyime usingizi: fremu moja inarudiwa kila sekunde 42 hivi. Wa DaVinci Resolve, programu ya kuhariri ya kompyuta, wawe makini, ukishaingiza klipu haikuruhusu tena kubadili fremu za mradi.

Klipu ulizozipata kwa kurekodi skrini ya simu nazo ni balaa. Fremu zake hazina mwendo mmoja, sekunde hii 27, ijayo 31, kwa hiyo ulichokipanga na biti sekunde ya 10 kinakuwa kimehama sekunde ya 60. Zigeuze kwanza ziwe na kiwango kimoja kisichobadilika, ndipo uanze kukata.

Sasa slo-mo yako. Anime haichorwi michoro 24 kwa sekunde. Mara nyingi ni 12, na matukio ya kawaida 8, kila mchoro umerudiwa mara mbili au tatu. Ukiiambia programu itengeneze fremu za katikati, inakuta fremu tatu zinafanana halafu ghafla mkono umeruka. Hapo inabuni: vidole vinayeyuka kama mshumaa. Dawa ni kuondoa marudio kwanza. Kwenye kila fremu tatu zinazofanana bakiza moja, ziunganishe, halafu ndipo unyooshe. Kama simu haikupi uwezo huo, acha slo-mo, tafuta shoti nyingine.

Mtikisiko: fremu 4 hadi 6, picha ihame asilimia 2 tu, na mara tatu au nne kwa video nzima. Ukitikisa kila ngoma, ngoma kubwa ya kiitikio itakuja na haitakuwa na cha kuongeza.

Na kwa kibanda umiza: matukio ya usiku yainue mwanga kidogo. Simu inaonyesha giza vizuri, runinga ya ukumbini inalimeza lote. Anga la usiku likitoka na mistari mistari kama ngazi, nyunyizia chenga kidogo sana juu yake, itapotea. Toa 1080 kwa megabiti 10 hadi 12 kwa sekunde, uibebe kwa flashi. Ukilazimika kuituma WhatsApp, tuma kama dokyumenti; ukituma kama video wataikamua mpaka sura zote zifanane.

Bi_Ujiji:
Mnazungumza fremu tu, wimbo wenyewe hakuna aliyeugusa. Mdogo wangu, chukua karatasi uandike mashairi yote, mstari kwa mstari. Pembeni ya kila mstari andika mhusika anataka nini hapo. Usiandike mstari unasema nini, hilo tunalisikia. Ukiimbiwa "machozi" ukaonyesha machozi, ukiimbiwa "njia" ukaonyesha njia, umetufanya watoto wa chekechea. Huku kwetu mtu amelelewa na mafumbo ya taarabu, mpe kazi ya kufumbua. Kwenye "machozi" onyesha kiti kitupu mezani, au kiatu mlangoni.

Lev Kuleshov wa Urusi alilionyesha hili miaka mia moja iliyopita: uso ule ule usio na hisia yoyote, ukiubandika kando ya sahani ya supu watu wanaona njaa, kando ya jeneza wanaona msiba. Anime imejaa nyuso za kimya za namna hiyo. Zitumie hizo kuliko zile zinazolia kwa kupiga mayowe.

Mkato nao uheshimu Kiswahili. Mkazo wetu uko silabi ya pili kutoka mwisho. Mwimbaji akisema "nilikungoja", uzito uko kwenye "ngo". Mkato ukiangukia "ni" umekata pumzi ya mwimbaji. Ukiangukia "ngo", neno na picha vinatua pamoja, hata kama ngoma imepita kidogo.

Na kuna bahati watu hawaitumii. Kijapani kina irabu tano kama zetu: a, e, i, o, u, na silabi zake nyingi zinaishia kwa irabu. Kwa hiyo midomo ya anime inapokea Kiswahili bila shida, ukiipanga. Michoro ya kawaida ina midomo mitatu: umefungwa, nusu, wazi. Toa fremu moja ya kila mmoja kutoka shoti ile ile. Neno "mpenzi": m inasimama silabi yake peke yake na p nayo inafunga midomo, basi weka mdomo uliofungwa fremu 4 au 5, "pe" wazi fremu 5 au 6, "nzi" nusu fremu 4. Herufi za kulinda kwa wivu ni m, b na p. Zikipita mdomo ukiwa wazi, uongo unaonekana hata ukiwa nyuma kabisa ya ukumbi. Usibadili mdomo chini ya fremu 2, utakuwa unatetemeka. Neno moja au mawili ya kiitikio yanatosha, usijaribu wimbo mzima.

Kuhusu efekti: karabai inawaita dagaa, lakini anayewaleta nchi kavu ni wavu.

FundiFremu_Tabora:
Dada hapo kwenye "mpenzi" nimekukubali. Ila mkato juu ya mkazo wa neno badala ya ngoma, kwa singeli hauwezekani, kasi haikupi nafasi. Kwa wimbo wa BPM 90 sawa.

Bi_Ujiji:
Ameuliza BPM 90, kaka.

Jaji_wa_Kando:
La alama. Walter Murch, mhariri wa filamu wa Marekani, aliupa mkato mzuri uzito hivi: hisia 51, hadithi 23, mdundo 10, mahali jicho la mtazamaji lilipo 7, na zilizobaki 5 na 4 kwa mpangilio wa picha na nafasi. Ukilazimika kupoteza kitu, unaanzia chini kupanda juu.

Lakini msiyachukue kama yalivyo. Yeye alikuwa anakata filamu iliyopigwa kwa ajili ya hadithi yake. Mtu wa AMV anaazima michoro ya wengine na muziki wa wengine, kazi yake kubwa iko pale viwili hivyo vinapokutana. Mdundo 10 ni kumwonea. Mimi ningeweka hisia 40, ulinganifu wa picha na sauti 30, uteuzi wa shoti 20, usafi wa picha 10. Efekti zisiwe na fungu lake. Zikisaidia zitaonekana kwenye 30, zikiharibu zitaonekana kwenye 10.

Onyesheni kila video mara mbili. Ya kwanza na sauti, watu wote, hakuna kuandika. Ya pili sauti imezimwa, majaji peke yao: hapo maandishi ya tafsiri yaliyosahaulika, kingo mbovu za wahusika waliokatwa na fremu nyeusi kati ya mikato vinajitokeza vyenyewe. Alama za hisia ziandikwe baada ya mzunguko wa kwanza, kabla ya wa pili. Mkichelewesha, jaji aliyeona kingo mbovu atashusha na hisia alizokuwa nazo.

Na Mwanga_Editi, fanya nakala ya video yako, ondoa efekti zote, itazame. Sehemu zitakazoanguka ndizo ulizochagua shoti dhaifu.

Mwanga_Editi:
Nimeelewa wakuu, nashukuru sana. Moja tu: ile shoti ya biti 8 kabla ya kiitikio nimepata, mtu amekaa stesheni peke yake, nzuri mno. Ila anaongea! Midomo inacheza na kwenye wimbo hapo hakuna sauti ya mtu.

Karabai77:
Kama kichwa chake hakisogei, rahisi. Tafuta kwenye shoti hiyo hiyo fremu ambayo mdomo umefungwa, ikamate kama picha, kata kipande cha mdomo na kidevu tu, kipandishe juu ya video, kingo zilainishwe pikseli 2 au 3. Nywele na mwanga vitaendelea kutembea chini yake, hakuna atakayejua. Kichwa kikisogea itabidi ukifuatishe kile kipande fremu kwa fremu, na kwa fremu 128 hiyo ni kazi ya jioni nzima. Angalia kwanza kama ana shoti ya mgongo.

Ukimaliza, video nzima itoe vipande vipande, sekunde 20 kila kimoja, uunganishe mwishoni. Umeme ukikatika utapoteza kipande kimoja tu.