Tupeane uzoefu: uko safarini milimani, mvua inanyesha, ghafla umekuta mechi ya watu usiowajua

Wakuu habari. Naanza mimi.

Mwezi wa nne, natoka Mbeya naenda Kyela. Kufika Katumba basi likagoma. Mvua ya Rungwe mnaijua, haikati, inapumzika tu. Nikasikia kelele nyuma ya migomba, nikazifuata. Kumbe fainali ya ndondo, mpira wa mtaani, zawadi mbuzi. Refa mkono mmoja filimbi, mwingine mwavuli!

Uwanja umeinama kama paa. Goli moja juu, lingine bondeni kwenye mashamba ya chai. Nikamwamkia mzee mmoja aliyejifunika mfuko wa mbolea, nikamuuliza: aliyeshinda shilingi si aanze kwa kupanda, ashuke wenzake wakishachoka? Akacheka.

"Hiyo ya kiangazi, mwanangu. Masika unashuka kwanza, unafunga mapema. Kipindi cha pili maji yote yamejaa goli la chini, ambalo sasa ni lako. Dimbwi ndiyo beki."

Nikaona ni porojo za wazee. Basi, kipindi cha pili straika wa waliokuwa wanashuka akamtoka kipa, akapiga, watu tumeshanyanyua mikono, mpira ukakwama majini hatua mbili kabla ya mstari. Mzee hata hakugeuka kuniangalia. Akasema tu, "Unadhani Tukuyu Stars, timu yetu ya hapa Rungwe, walichukuaje ubingwa wa ligi ya Bara 1986?"

Mpira ulikuwa mmoja. Ukiingia kwenye chai, uwanja mzima unasubiri.

Haya, leteni zenu.

---

Mimi Lushoto, netiboli ya akina dada. Ukungu ulishuka mpaka upande wetu hatuoni pete. Tukisikia shangwe upande wa pili tunauliza, "Imeingia?" Jibu linapita mdomo kwa mdomo. Kuna bao nina hakika tulidanganywa.

---

Iten, Kenya. Si mpira, ni mbio za nyika za wanafunzi, matope hadi magotini, wengine miguu mitupu. Kule ni kama mita 2,400 juu ya bahari. Mimi wa Mombasa nilihema kwa kutazama tu.

---

Mleta mada, umetuacha njiani. Mbuzi alikwenda kwa nani?

---

Mkuu, kondakta alipiga honi ikiwa 1-1. Nilimwacha mbuzi kafungwa kwenye mgomba, anatafuna majani, hana habari.