Kizazi kimeshuka, nifanyiwe upasuaji au niendelee kuvumilia? Naomba ushauri

Habari zenu wapendwa. Nina miaka 52 na watoto wanne, wote nimewazaa kwa njia ya kawaida. Huu mwaka wa pili kizazi kimeshuka, na kibofu nacho kimekifuata. Asubuhi niko sawa. Ikifika jioni nahisi kama nimekalia mpira, na mkojo hauishi mpaka nirudishe kile kivimbe ndani kwa kidole. Mnisamehe kwa uwazi huu, nimechoka kunyamaza.

Nimefanya mazoezi ya kubana misuli ya nyonga miezi sita. Mkojo wa kuponyoka nikikohoa umepungua, kivimbe kiko palepale. Ile pete ya mpira inayowekwa ukeni ilinisaidia, kisha ikaanza kunichubua na kuchomoka nikiwa chooni.

Daktari anasema hali hii haiui, kwa hiyo uamuzi ni wangu. Kuna kukitoa kizazi na kukaza kuta za uke, au kukishikiza kwa nyuzi bila kukitoa. Wavu wa plastiki wa kushikilia viungo, ule unaopitishiwa ukeni, sitaki kabisa. Marekani walizuia usiuzwe tena kwa tatizo hili mwaka 2019. Kinachoninyima usingizi ni kwamba tatizo linaweza kurudi hata baada ya kisu. Halafu wiki sita bila kuinua kizito, na mimi ndiye ninayemuuguza mama, namnyanyua kila siku!

Mliofanyiwa, tendo la ndoa likoje baadaye? Kibofu kilitulia? Aliyebaki na kizazi chake, anajuta? Mume wangu ananijibu tu, "utakavyoamua."