Fremu ya pili ya vikapu na mikoba: Dodoma, Mbeya, au nibaki hapa hapa Iringa?

Mlulu_Mkavu

Kamwene wakuu. Nina kaduka Miyomboni, Iringa mjini, mwaka wa nne sasa. Nauza vikapu vya milulu (majani ya kusukia), ila si vile vya kubebea viazi. Kina mama wa vijijini wananisukia, fundi wangu anatia mikanda ya ngozi na zipu, ndani naweka bitana ya kitenge. Cha kati nauza 35,000, kikubwa chenye ngozi kinafika 60,000.

Tatizo ni msimu. Juni mpaka Oktoba nawapata watalii wanaotoka Ruaha, Desemba wanakuja watu wa zawadi. Januari mpaka Aprili naweza kufungua duka siku tatu nikauza kimoja, tena kwa shangazi yangu, tena kwa mkopo.

Nimejibana nimepata mtaji wa fremu ya pili. Naona njia mbili. Dodoma, kwa kuwa serikali iko kule na lami ya kupitia Mtera imenyooka, kilomita kama 260 tu. Au Mbeya, kilomita 330 hivi, mji mkubwa, na watu wa Zambia na Malawi wanapita pale. Moyo unanituma Dodoma, mume wangu anasema Mbeya. Wenyeji nitajieni mitaa, maana miji yote miwili naijua kwa kushukia stendi.

Mhamiaji_Dom

Dada, mimi mtumishi, nilihamia Dodoma na wizara 2017. Nikutoe tongotongo kidogo.

Mtu wa mbali anadhani serikali ikihamia mahali, wateja wa serikali wanatembea mitaani. Hawatembei. Mji wa Serikali uko Mtumba, kilomita 17 hivi nje ya mji. Mtumishi anapanda gari asubuhi, anarudi jioni amechoka, anapita kununua mchicha. Kuzunguka katikati ya mji kweli miguu ipo, lakini kodi ya fremu nayo inajua kuwa miguu ipo. Majengo na Sabasaba ni masoko ya mahitaji ya nyumbani na nguo, mtu wa kule ukimtajia 60,000 ya kikapu anakuuliza kama kina kuku ndani. Soko la Job Ndugai liko Nzuguni karibu na stendi ya mabasi, zuri kwa macho, ila anayefika pale amefuata vyakula au basi lake.

Halafu kuna kalenda ya Bunge. Bunge la bajeti linaanza Aprili mpaka mwisho wa Juni, na hapo mji unajaa kweli: wabunge, wageni wao, waandishi, wenye hoteli wote wanacheka. Vikao vingine ni vifupi. Kwa hiyo ukija Dodoma hujakimbia msimu, umebadilisha msimu. Ingawa, ukikaa ukafikiri, Aprili ndio mwezi unaolia wewe.

Na zile oda kubwa za zawadi za wageni wa taasisi usizihesabu. Siku hizi manunuzi ya serikali yanapita kwenye NeST, mfumo wa zabuni wa mtandaoni, si kumuona katibu muhtasi na kumwachia kikapu kimoja cha asante.

Kijana_wa_Mafiati

Ongeza na treni. Tangu Julai 2024 treni ya mwendokasi inatoka Dodoma asubuhi, unafika Dar, unaingia Kariakoo, jioni umerudi kulala kwako. Mtu wa Dodoma mwenye hela ya mkoba wa 60,000 anakwenda kuununulia mtaa wa Kongo apate na picha. Mbeya hatuna mchezo huo. Kilomita zaidi ya 800 kwenda Dar zinamfanya mtu anunue kilichopo mbele yake.

Mama_Uhindini

Mwanangu Mlulu, nimekaa Mbeya na meza, kisha kibanda, kisha fremu, miaka ishirini na kitu. Ngoja nikutembeze, maana "Mbeya" si sehemu moja.

Mwanjelwa ndio tumbo la mji. Kila kitu kipo, na kila mtu anajua bei yako kabla hujafungua mdomo. Wanakuja wa Chunya, wa Mbarali, wa Rungwe, wa Tunduma, wananunua kwa jumla na kupakia. Lakini wanakuja na orodha. Mtu wa Mwanjelwa ana haraka, ana mzigo kichwani na basi linamwita, hasimami kutazama bitana ya kitenge. Tena pale pamekula watu: soko liliungua 2006, na soko la SIDO pembeni yake likaungua 2017. Mimi moto wa kwanza uliniachia ufunguo tu, nilikuwa nimeuvaa shingoni. Kwa hiyo ukikaa pale, weka bima, na usiweke mzigo wote.

Kabwe ni njia panda. Vijana, simu, viatu, muziki kila mlango. Miguu mingi kuliko Uhindini mara tatu, sikatai. Lakini mtu wa Kabwe anabadilisha gari. Utauza vipochi vidogo vya 10,000, kikubwa kitabaki kuwa kiti chako.

Sokomatola ni pa mboga, nyama, matunda. Usicheke. Kina mama wenye mishahara wananunua pale Jumamosi na gari zao wameegesha. Kama unatafuta mwanamke wa umri wangu mwenye hela ya mkoba, yuko pale anachagua parachichi.

Uhindini ni mji wa zamani, majengo yenye baraza, benki na ofisi. Jioni panalala mapema, Jumapili pamekufa. Ila anayepita anapita kwa miguu, polepole, na ametoka kutoa hela. Mimi ningekuweka hapo, upande wenye baraza pana. Na usichukue fremu inayotazama magharibi, jua la mchana litakula rangi za vikapu, mbele vitakuwa vimepauka na nyuma vizima.

Jambo la mwisho ni unyevu. Mvua zetu si za Iringa. Kuanzia Novemba mpaka Mei milulu ikikaa sakafuni inaota ukungu kama mkate. Jaza magazeti ndani, tundika juu, na fungua dirisha la nyuma. Fremu isiyo na dirisha la nyuma achana nayo hata wakikupa bure.

Mlulu_Mkavu

Mama shikamoo, na asante sana. Hilo la jua sikuwahi kuliwaza, na hapa nina vikapu sita vilivyopauka upande mmoja nikidhani ni rangi mbaya ya msukaji. Nimemgombeza mtu bure.

Chapa_Lapa

Mimi nitakuwa mchawi wa uzi huu. Biashara ya vikapu ilikuwa moto Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku. Mama yangu alitoa kikapu cha harusi yake stoo. Baada ya muda ikaja mifuko ile laini ya kushonwa, shilingi mia mia, watu wakarudi kwenye uvivu wao. Sasa wewe unataka kumuuzia nani kikapu cha 60,000 Mbeya? Bora Dodoma, angalau mbunge ana posho.

Mama_Uhindini

Chapa Lapa, hauzi kikapu, anauza mkoba. Binti wa benki hanunui pale kitu cha kubebea nyanya. Na mwezi wa sita hadi wa nane mpunga na viazi vikishauzwa, Mbeya ina hela kuliko posho ya mbunge wako, tena hazina risiti.

Dalali_Mstaafu

Naongea kuhusu fremu tu, mengine siyajui.

Kwanza, utakutana na kilemba. Mpangaji anayetoka anataka umlipe "hela ya kuachiwa", wakati mwingine inazidi kodi ya miezi sita. Ukilipa, hakikisha mwenye nyumba yupo na anaandika, maana kilemba hakimo kwenye mkataba wake na kesho anaweza kusema hakujui. Nimewahi kumpangisha dada mmoja, akalipa kilemba, wiki ya tatu mwenye nyumba akaja na mpangaji mwingine. Lawama ile mpaka leo iko juu yangu, na kwa kweli ni yangu, nilikuwa na haraka ya kupata kodi yangu ya mwezi mmoja ya udalali.

Pili, ukiwa mpangaji wa biashara, asilimia 10 ya pango unaizuia wewe na kuipeleka TRA. Wenye nyumba wengi watakwambia "hiyo utajua mwenyewe", maana yake wanataka yao kamili na asilimia 10 juu. Bishaneni kabla, si baada.

Tatu, hapa kwetu Mbeya barabara kuu inapanuliwa njia nne kutoka Nsalaga mpaka Ifisi, kilomita 29. Fremu nzuri ya bei ya kutupa kando ya barabara kuu, angalia ukutani kama kuna X nyekundu ya kubomolewa iliyofunikwa kwa rangi. Nimeona ukuta umepigwa rangi mpya mbele tu, pembeni wa zamani.

Fundi_Ngozi_Ipogolo

Mimi niko Iringa, na swali langu ni kwa nini fremu. Neema Crafts, ile karakana ya watu wenye ulemavu yenye mgahawa hapa mjini, walianza 2003 na vijana watatu viziwi waliokuwa wanatengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Kilichowajengea jina si mtaa. Mgeni anaingia kunywa kahawa, mhudumu hasikii, unaandika oda yako kwenye karatasi, ukisubiri unatazama watu wakifuma na kushona, ukitoka umenunua. Wewe kina mama wako wako kijijini, mteja anaona kikapu kimeshatundikwa kama kimeshuka kwenye kontena. Mweke msukaji mmoja dukani, hata siku mbili kwa wiki. Hapo hapo Miyomboni. Hela ya Dodoma yote inabaki mfukoni.

Mlulu_Mkavu

Kaka, nimejaribu. Mama Sekela (si jina lake) alikaa siku moja, akasema mjini mgongo unauma na watu wanampiga picha bila salamu. Labda nimlipe vizuri zaidi, na niweke kibao kuhusu salamu.

Na mali kauli je? Kuna mgahawa mmoja Mbeya wameniambia nilete vikapu 20, vikiuzwa wananilipa.

Dalali_Mstaafu

Mali kauli peleka vitano, si 20. Andika namba ndani ya bitana. Kisicho na namba hakidaiwi.

Kijana_wa_Mafiati

Kabla ya fremu na kilemba, si ukodi banda kwenye maonyesho ya Nanenane? Viwanja vya John Mwakangale, Agosti mosi mpaka 8. Njombe, Songwe, Rukwa, wote wanakuja. Siku nane zitakwambia kama Mbeya wananunua vipochi au mikoba.

Mhamiaji_Dom

Wazo hilo. Na Dodoma wiki hiyo hiyo kuna Nanenane ya Nzuguni. Kama una mtu wa kumwamini, gawa mzigo.

Mlulu_Mkavu

Mdogo wangu wa kiume yuko Dodoma anasoma, anajua kuongea kuliko mimi. Basi yeye Nzuguni na vikapu 40, mimi Mbeya na 40, saizi zile zile, bei ile ile, kila mmoja na daftari. Mume wangu ameshasema atahesabu yeye, asije mtu akapendelea mji wake. Fremu nitaisahau mpaka Septemba.

Mama Uhindini, nikifika nitakutafuta unionyeshe hizo baraza pana. Nije na nini zaidi ya vikapu?

Mama_Uhindini

Sweta, mwanangu. Mbili.