Re: Mkesha wa tarehe 31 na sisi ambao 2025 umetuumiza

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Wakubwa shikamooni.

Nimeona tangazo la mkesha wa mwaka mpya wa ibada yetu ya Kiswahili hapa Kampala, na orodha ya watakaotoa shukrani. Naomba jina langu litolewe. Mradi wangu umefungwa, mkataba umekwisha, kibali changu cha kazi kina jina la mwajiri ambaye hayupo tena, na mwenye nyumba ananipigia kila asubuhi. Sitaki kusimama mbele za watu nikasema nisichokiamini. Pia nauliza wenye uzoefu: nifungashe nirudi Mwanza au nisubiri? Na michango yangu ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inakuwaje?

Mdogo wenu, Najjera

* * *

Mwanangu wa Najjera, marahaba.

Barua yako nimeisoma na nikampa baba watoto naye akaisoma. Nakujibu hapa mbele ya wote kwa sababu wenye hali kama yako kwenye kundi hili ni wengi, ila wamenyamaza.

Jina lako naomba libaki. Unachokikataa na mimi nakikataa. Lakini shukrani ya Biblia haikutaki useme uongo. Mkesha huu utasikia 1 Samweli 7:12, "Hata sasa Bwana ametusaidia", maana ni mstari wa kila mwisho wa mwaka. Jiwe la Ebenezeri tunalijua sote. Sasa rudi nyuma mpaka sura ya 4 ya kitabu hichohicho. Israeli wamepiga kambi Ebenezeri, wanapigwa na Wafilisti, wanakufa watu wapatao 4,000. Wanakwenda kulileta sanduku la agano wakidhani sasa wako salama. Wanapigwa tena, safari hii wanaanguka 30,000, sanduku linatekwa, wana wawili wa Eli wanauawa, na mzee Eli akipata habari anaanguka kutoka kitini anavunjika shingo. Halafu inapita miaka 20 ya kumlilia Bwana. Ndipo Samweli anasimamisha jiwe, na jina analolipa ni lilelile la mahali pa msiba. Mzee yeyote aliyekuwa pale siku ile alipolisikia alikumbuka waliozikwa. Kwa hiyo anayeshika kipaza sauti mkeshani na kusema Bwana amenisaidia bila kuwataja Wafilisti, huyo amesoma sura ya 7 peke yake. Wewe njoo na sura ya 4 yako, isome kwa sauti, ukifika hapo ukaketi hakuna atakayekulaumu.

Mwaka wetu sisi wengi mnaujua nusu. Januari 20 Marekani iliposimamisha misaada ya nje kwa siku 90, baba watoto alikuwa kwenye mradi wa dawa za VVU. Januari 30 ikatangazwa Ebola hapahapa Kampala, tukawa tunanawa mikono mlangoni mwa kanisa huku kila mtu akimuuliza mwenzake kama barua yake ya kuachishwa kazi imeshafika. Ya kwetu ilifika. Tulijipa moyo kwamba wataitwa tena, hadi Julai 1 USAID yenyewe, shirika la misaada la Marekani, ilipofungwa. Kilichoniuma kuliko mshahara ni wale wagonjwa. Baba watoto aliwajua kwa sura, na mpaka leo wapo wanaompigia kuuliza dawa watachukulia wapi.

Bima ya matibabu iliondoka na kazi. Binti yetu mdogo alipozidiwa usiku, hospitali tuliyokimbilia ilitaka malipo ya kutanguliza kabla ya kumpa kitanda. Nikiwa pale mapokezi napiga simu huku na kule, aliingia mama mmoja wa ibada yetu ya Kiswahili, mkimbizi kutoka Bukavu, mwenye meza ya vitenge soko la Owino. Alikuwa na termosi ya uji mkono mmoja, na mkono wa pili noti za elfu ishirini-ishirini zimefungwa kwa mpira wa nywele. Ilikuwa hela ya kununulia mzigo wa wiki. Hakuuliza nitairudisha lini. Aliniambia, "Mama, minajua kukosa," akaketi chini kwenye sakafu kando yangu mpaka kunakucha. Mimi niliyekuja Uganda na mshahara na nyumba ya kulipiwa, nilibebwa na mtu aliyekuja na watoto na bahasha ya karatasi za ukimbizi. Wagalatia 6:2, "Mchukuliane mizigo", nimeihubiriwa tangu utoto. Usiku ule niliiona kwa macho.

Kisha Oktoba. Watanzania mtanielewa bila maelezo. Oktoba 29, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilipozimwa nyumbani, mama yangu mzazi alikuwa Dar es Salaam, mgonjwa wa sukari, na mji uko chini ya amri ya kutotoka nje usiku. Ujumbe unatuma, unabaki na alama moja. Maneno yangu ya kuomba yaliisha, nikashika Zaburi ya 13: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Ina mistari 6 tu. Minne ni kulia na kudai jibu, miwili ndiyo ya kutumaini na kuimba. Nakushauri uichukue kama ilivyo. Mimi kuna siku niliishia mstari wa nne nikalala, na naamini Mungu alipokea.

Mama alikuwa hai. Lakini wapo miongoni mwetu ambao mtandao uliporudi walipokea habari nyingine. Naomba sana wanaoandaa mkesha walikumbuke hili. Siwezi kushukuru kwa ajili ya mama yangu kwa namna itakayomfanya jirani yangu kwenye benchi ajiulize wa kwake alikosea nini. Tuwe na muda wa kuwataja waliofariki, kwa majina, kabla ya nyimbo za furaha. Sijaliona hilo kwenye ratiba na ninalidai.

Sasa ya dunia, mwanangu.

Mwenye nyumba usimkimbie. Sheria ya Uganda ya wenye nyumba na wapangaji ya 2022 hairuhusu mtu kukutoa au kukufungia mlango bila amri ya mahakama, hilo lijue likupe usingizi. Ila sheria hailipi kodi. Nenda kwake, na kama maneno yameshakuwa makali nenda na mwenyekiti wa LC1, yaani wa serikali ya mtaa, andikeni utalipa kiasi gani na lini, wote watie sahihi. Sisi tulifanya hivyo, halafu tukahama Ntinda tukaja Kireka kwenye vyumba viwili, na heshima yetu ikabaki.

Kibali: kinakwenda na mwajiri, kwa hiyo usianze kazi kwingine kwa kibali cha zamani, hata rafiki akikuambia hakuna anayeangalia. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tunaweza kukaa kama wageni hadi miezi 6, lakini mgeni haruhusiwi kufanya kazi. Nenda uhamiaji mwenyewe ukaeleze hali yako kabla hawajakuuliza.

Kurudi au kubaki? Kurudi nyumbani si kushindwa, na usimruhusu mtu akuhubirie hivyo. Kama hapa huna maombi ya kazi yanayosubiri jibu, mimi ningerudi. Kama unayo, jipe mpaka Machi. Vyovyote, nauli ya basi la kupitia Mutukula iweke kando leo na usiiguse. Wala usiipande kama mbegu kwa mtumishi yeyote anayekuahidi kazi ndani ya siku saba. Mwaka huu nimeona watu wazima wakitoa hela ya mwisho ya chakula cha watoto kwa ahadi hizo, na nimelia. Mungu wa Zaburi ya 13 hadai malipo ya kutanguliza.

Mama yako, Kireka

* * *

Wapendwa,

Mama wa Kireka amesema, naongeza ya NSSF. Mwajiri anachangia asilimia 10 na wewe 5 ya mshahara. Ukiachishwa kazi fedha haipotei, inabaki kwa jina lako. Anayehama Uganda moja kwa moja anaweza kudai mafao ya uhamaji, ila kama unafikiri utapata kazi hapa tena, ziache zilale zikusubiri. Kwanza chukua taarifa ya akaunti yako, uangalie mwezi kwa mwezi kama michango ya mwisho ilipelekwa kabla mradi haujafungwa. Ukikuta pengo, dai sasa wakati bado kuna mtu wa kuandikiwa barua.

Na hilo la kuwataja waliofariki naliunga mkono. Nilifika mji huu 1979 na jeshi letu la Tanzania lililomwondoa Idi Amin, nikaoa hapa, nikabaki. Wakwe zangu ni watu wa Namirembe, kanisa kuu la Anglikana hapa Kampala. Walinisimulia kwamba Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa, Februari 1977, kaburi lilichimbwa pale kanisani lakini serikali ya Amin haikutoa mwili, ulipelekwa kuzikwa kwao Mucwini. Watu wakakusanyika kando ya kaburi tupu, wakalia, wakaimba. Walioimba siku ile hawakujua kama Amin ataondoka. Nazungumza na wanaoandaa ratiba leo jioni.

Kijana, Jumatatu tarehe 29 nipo Banda, nyumbani, tangu asubuhi. Njoo na pasipoti, kibali, mkataba na barua ya kuachishwa kazi tuzipitie pamoja. Kama barua hukupewa, iombe kesho.

Mzee wa Banda