Mafundi AC wa Dar acheni kutujazia gesi bila kutafuta inapovujia!

Wakuu, leo nina hasira na sitaki mtu aje aniambie nipunguze munkari. Hivi kwa nini hapa mjini ukimpelekea fundi AC gari ya zamani, ukamwambia haipoozi, hata boneti hajafungua jibu analo tayari, "gesi imeisha bosi, tujaze". Inaishaje? Nani kaitumia?

Gesi ya AC haichomwi kama petroli. Ni mfumo umefungwa, kompresa inaisukuma mpaka kwenye kondensa pale mbele ya rejeta, inatema joto inakuwa kimiminika, inapita ekspansheni (kile kitundu chembamba kinachoshusha presha ipoe), inaingia evaporeta huko ndani ya dashibodi, inabeba joto la ndani ya gari halafu inarudi kompresa kuanza upya, ile ile. Ikipungua maana yake imetoka, na imetoka mahali. Sawa, gari ya miaka ishirini na kitu itapoteza kidogo kidogo kwenye mipira na oringi, naelewa, ila hiyo ni hesabu ya miaka, sio kwamba leo umepiga gesi kabla mwezi haujaisha inapuliza upepo wa moto kama mimi na Corolla yangu ya 2001. Narudi kwa fundi naambiwa "gari za zamani ndo zilivyo mkuu, tuongeze". Hela ya mara ya kwanza kachukua, na hii anataka. Tairi ikiwa inapungua upepo kila wiki si unatafuta msumari? Sasa kwenye AC nani kawaambia msitafute?

Na kuitafuta sio uchawi. Gesi inatembea na oili ya kompresa, kwa hiyo inapovujia panabaki mafuta mafuta na vumbi linagandia hapo hapo. Angalia viungio vya bomba, angalia nozo za kujazia, angalia sili ya mbele ya kompresa, angalia kondensa hasa kwa chini maana ile inapigwa kokoto na huku kwetu pwani chumvi inaila. Huoni kitu, weka presha ya nitrojeni upake povu la sabuni, au weka ile rangi inayong'aa kwenye taa ya UV mteja arudi baada ya siku kadhaa. Ikiwa ni evaporeta niambie ni evaporeta, niambie dashibodi inashuka na kazi ni kubwa, niamue mwenyewe kama nina hela au sina. Mimi ni mtu mzima.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kuna magari hata gesi haijapungua! Jirani yangu hapa Tabata yake inapoa vizuri akiwa anatembea, akikwama foleni ya Buguruni inageuka moto, akiondoka inapoa tena. Hiyo mtu yeyote wa AC anatakiwa ashtuke aangalie feni ya kondensa inazunguka au imekufa, relei, fyuzi, au kondensa imejaa vumbi na nyasi hewa haipiti. Wao wakampiga gesi! Gesi ikizidi presha inapanda, ubaridi unapungua, na kompresa inateseka, yani kalipa ili gari yake iharibike. Mwingine upepo unatoka kidogo ila ni wa baridi, hiyo mara nyingi ni filta ya ndani iliyo nyuma ya droo ya dashibodi kwenye Toyota nyingi, ukiitoa unakuta udongo mtupu. Dakika kumi hiyo, bila mtungi wowote.

Geji mnazo, mnazining'iniza kwenye boneti tuzione, lakini mnasoma upande wa bluu tu, ule wa presha ya chini. Nyekundu, ya presha ya juu, ipo kwa ajili gani? Zote mbili zikiwa chini, gesi ndogo. Bluu ikiwa juu na nyekundu ikiwa chini, kompresa imechoka haisukumi, hata ujaze mtungi mzima. Zote juu, umezidisha gesi au kondensa haitoi joto. Mtu anayesoma geji moja anabahatisha, na anabahatisha kwa hela yangu.

Alafu hili la kuvuta vakyumu, yani kunyonya hewa yote itoke kwenye mfumo kabla ya kujaza gesi. Mfumo ukifunguliwa inaingia hewa, na hewa ya Dar mnaijua ilivyojaa unyevu, hasa hii miezi ya joto. Unatakiwa uvute angalau nusu saa, ufunge, usubiri uone mshale unarudi au umetulia. Ukirudi unavuja, hapo hapo umepata jibu bure. Hamvuti, mnasema mashine iko kwa mwenzenu, mnachomeka mtungi. Ule unyevu unaganda kwenye ekspansheni na ukichanganyika na gesi na oili unatengeneza asidi inayokula vyuma kutokea ndani. Na gesi haipimwi! Kwenye gari nyingi kuna stika chini ya boneti inasema R134a (ndiyo aina ya gesi yenyewe) gramu ngapi, hizi ndogo mara nyingi ni kati ya 400 na 600, nyie mnapima kwa kushika bomba na mkono.

Wapo wanaoweka dawa ya kuziba matundu, ikikutana na hewa inagandia humo ndani na kuziba ekspansheni. Na wapo wanaosemekana kuchanganya gesi ya kupikia. Ndugu yangu, evaporeta ipo ndani walipokaa watoto, ikivuja hapo na cheche moja ikatokea nani atajibu?

Mwisho wa yote gesi ikivuja kila mara na oili inatoka nayo, kompresa inakauka inakwama. Fundi yule yule aliyekuwa anakujazia anakwambia "kompresa imekufa bosi, ninayo ya mtumba". Anaifunga bila kusafisha mabomba, bila kubadili draya (ile chupa inayochuja na kunyonya unyevu), vile vipande vya chuma vya ile ya kwanza vinaenda kuua na ya pili. Unaambiwa tena gari imezeeka.

Sasa nasema hivi, kuanzia leo silipii gesi kabla sijaonyeshwa kwa macho yangu inapovujia, na silipii kama vakyumu haijavutwa nikiwa nimesimama pale. Mwenye fundi wa maeneo ya Tabata, Segerea mpaka Ilala anayetumia nitrojeni na mizani ya kupimia gesi aniwekee hapa anapopatikana, na aseme yeye mwenyewe alitengenezewa nini na imekaa muda gani. Wa kujaza tu msiniletee.